Msafiri Maskini: Safari Fupi ya Mjini kwa Mtu wa Peke Yake

Wahenga wetu walisema: "Msafiri maskini, ajapokuwa sultani." Wengi huidhania methali hii kuwa ni ya safari ndefu za kale, safari za majahazi na za misafara ya Tabora na Ujiji. Leo, wapenzi wasomaji, twataka kuitazama katika safari iliyo ndogo kabisa: safari ya siku moja au mbili ya mtu atokaye Kibaoni, hapa Ifakara, akaenda Morogoro au Dar es Salaam kwa haja yake, peke yake, kisha akarejea kwao.

Safari hiyo yafanywa kila siku, wala hapana aionaye kuwa ni jambo kubwa. Mwenye duka huenda kutafuta bidhaa. Mgonjwa huenda na barua ya daktari. Kijana huenda kuitikia wito wa kazi au wa chuo. Mwalimu wa madrasa huenda kununua misahafu na juzuu za watoto. Hasindikizwi na ukoo wala hapigiwi vigelegele. Huchukua mfuko wake mmoja, hupanda bodaboda alfajiri mpaka lilipo basi, na safari imekwisha kuanza. Walakini katika saa zile chache atakazokuwa mbali na watu wake, atakutana na mambo ambayo nyumbani hayampati kwa mwaka mzima. Na aghalabu kheri au shari yake hutegemea jambo moja dogo mno, nalo ni hili: nani atakayetangulia kumsalimu.

UMASKINI WA MSAFIRI

Umaskini unaotajwa na methali hii si wa fedha peke yake. Mtu aweza kuwa na shamba la mpunga huko kwao, na ng'ombe, na nyumba ya bati, na jina linalojulikana mtaa mzima. Akishuka katika mji wa wenyewe, vyote hivyo huwa nyuma yake. Hapana amjuaye baba yake. Hapana ajuaye kwamba yeye ni mkweli. Ikimpotea nauli, ni sawa na yule asiyemiliki kitu. Kwa sababu hii sheria yetu imemweka msafiri aliyekatikiwa njiani, yaani ibnu sabil, katika mafungu manane ya watu wapewao zaka, kama yalivyotajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60. Na wanavyuoni wakaeleza kwamba hupewa hata akiwa tajiri kwao, maadamu mali yake haimfikii pale alipo.

Lakini uko umaskini mwingine, nao ni wa moyo. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri, alitoka kwao Tangier mwaka 1325, naye ni kijana wa miaka 21, akashika njia ya Makka peke yake. Asimulia katika kitabu cha safari zake kwamba msafara alioandamana nao ulipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwalaki jamaa zao na kuwasalimu huku na huku. Yeye hakusalimiwa na mtu, kwa kuwa hapana aliyemjua, hata machozi yakamtoka. Hujaji mmoja akafahamu kinachomliza, akamwendea, akamsalimu na kuzungumza naye mpaka wakaingia mjini. Tazama, ewe msomaji: mtu huyu baadaye alizunguka nchi nyingi za dunia, akakaa na wafalme na makadhi, lakini salamu ile moja ya mtu asiyemjua hakuisahau.

Mtu huyo huyo alifika katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki mwaka 1331. Huko Mogadishu aliona desturi ya kupendeza. Jahazi lilipotia nanga, vijana wa mji walitoka na mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja katika waliofika na kumtangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Mgeni hakushukia ila kwa mwenyeji wake huyo, naye ndiye aliyemuuzia na kumnunulia, asipunjwe. Alipofika Kilwa alimkuta Sultani ambaye kwa ukarimu wake watu walimpa lakabu ya Abul Mawahib, yaani Baba wa Vipawa. Basi wazee wa pwani hii walijua zamani kwamba mgeni asiachwe akasimama bandarini peke yake akitazama huku na huku.

NJIA YA KUTOKA KIBAONI

Kibaoni ni mahali penye kibao, nacho kibao kazi yake ni kuonyesha njia. Lakini kibao hakimshiki mtu mkono. Msafiri wetu akisha kukaa kitini, basi hupita Kiberege, Mang'ula na Sanje, nayo milima ya Udzungwa husimama upande wa kushoto kama ukuta wa kijani. Milima hiyo imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1992, na huko ndiko yaliko maporomoko ya Sanje yenye kimo cha mita 170 hivi. Kisha huja mashamba ya miwa, na Kidatu, na mto Ruaha Mkuu, halafu njia hupanda mpaka Mikumi kuishika barabara kuu. Hapo basi huelekea Morogoro na kukata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa mwendo wa kilomita 50 hivi. Watu kutoka nchi za mbali hulipa fedha nyingi kuja kuwatazama tembo na twiga wa mahali hapo. Msafiri wa Kibaoni huwaona dirishani kwa nauli ile ile, akiwa macho.

Walakini kioja kikubwa zaidi cha basi kimo ndani ya basi lenyewe. Siku moja nilipokuwa nikienda Morogoro, kuku wa bibi mmoja aliponyoka tengani tulipokuwa tumekwisha kupita Mang'ula. Kabla ya hapo abiria tulikuwa kama watu waliogombana: kila mmoja na simu yake, kila mmoja na dirisha lake. Kuku yule alipokimbia chini ya viti, watu wote walikuwa jamaa moja. Kijana mmoja alimshika miguu, mama mwingine akatoa kamba, mzee wa kiti cha nyuma akauliza bei, na bibi akajibu, "Huyu hauzwi, baba, ni wa mjukuu wangu aliyejifungua." Kutoka hapo mpaka Mikumi yule bibi alikuwa na wajukuu kumi. Mmoja alimshikia mzigo, mwingine alimpigia simu mwenyeji wake, na wa tatu akahakikisha kwamba hatapitishwa kituo chake.

Nikawaza: kwa nini tungoje kuku? Katika Sura ya Nisaa, aya ya 36, wametajwa watu wa kufanyiwa wema, na miongoni mwao yumo mwenza aliye ubavuni. Wako wafasiri waliosema kwamba huyo ni mke, na wako waliosema kwamba ni rafiki wa safarini. Kwa kauli hii ya pili, aliyekaa nawe kiti kimoja kutoka Kibaoni mpaka Morogoro ana haki juu yako, hata kama hamtaonana tena. Haki yake si kubwa. Ni kumsalimu, kutomsonga, kutompigia kelele za simu sikioni, kumwamsha akikaribia kushuka, na kumwangalilia mfuko wake anapokwenda kutawadha. Nawe una haki hiyo hiyo kwake.

Tusisahau sala. Kutoka Ifakara mpaka Morogoro ni mwendo unaopita kwa mbali zile marhala mbili zilizokadiriwa na mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambazo ni kilomita 80 na kitu. Basi msafiri anayo ruhusa ya kupunguza na kukusanya, kwa masharti yake yanayojulikana. Ruhusa hii ni tunu, naye aijuaye hatahangaika basi lisiposimama adhuhuri, wala hataiacha sala kwa kisingizio cha njia.

KITUONI

Sasa twafika penye uzito wa maneno yetu. Msafiri ashukapo katika kituo kikubwa cha mabasi, kama kile cha Msamvu mjini Morogoro, au kile cha Magufuli huko Mbezi Luis, Dar es Salaam, kilichofunguliwa Februari 2021, huwa katika hali ile ile ya Ibn Battuta nje ya Tunis. Mbele yake kuna umati mkubwa: wapiga debe, madereva wa bajaji na bodaboda, wauza maji, wachukuzi, na watu waliokuja kuwapokea watu wao. Kila mmoja ana shughuli yake. Na katika umati huo wako wachache ambao shughuli yao ni yeye.

Nitasimulia yaliyompata kijana mmoja wa mtaani kwetu, wala sitamtaja jina, wala sitautaja mji. Mama yake ni mjane. Aliuza magunia ya mpunga wa msimu mzima, akampa fedha mwanawe aende kununua cherehani, kwa kuwa kijana alikuwa amejifunza kushona. Aliposhuka kituoni alisimama karibu na ukuta akitazama. Haukupita muda akaja mtu aliyevaa vizuri, uso wake umejaa furaha.

"Mdogo wangu! Hunikumbuki?"

Kijana akaona haya kusema kwamba hamkumbuki. "Shikamoo kaka," akajibu. "Labda nimesahau."

"Marahaba. Wewe si wa Ifakara wewe? Mama hajambo? Mara ya mwisho nilikuona ungali mdogo."

Neno Ifakara alikuwa amelisoma ubavuni mwa basi. Kijana wa watu hakulifikiria hilo. Aliona kwamba Mungu amemletea ndugu. Walikaa, wakanunuliana soda, wakazungumza habari za nyumbani. Alipozinduka jua lilikuwa limekwisha kupinduka, kichwa kinamwuma, na fedha hana. Mwanamke muuza maandazi ndiye aliyemwona anapepesuka, akampa maji, akampeleka kwa askari, kisha akamwonyesha msikiti. Huko waumini walimchangia nauli, akarudi usiku ule.

Tulipokwenda kumpa pole mama yake tulidhani atalia kwa ajili ya mpunga. Alituambia neno ambalo sijalisahau: "Katika watu wote wale waliompita mwanangu, hakusalimiwa na mtu ila mwizi."

Wasomaji wangu, maneno haya yatushtaki sote. Mwizi hakuwa na nguvu wala silaha. Alikuwa na salamu tu. Aliijua methali yetu kuliko sisi. Alijua kwamba msafiri ni maskini wa kusalimiwa, naye akampa sadaka yenye sumu. Lau yule muuza maandazi angalimsalimu mapema, au mzee aliyekuwa akingoja basi angalimwuliza, "Mwanangu, wafikia wapi?", kijana asingalikuwa na njaa ya ndugu wa uongo. Kazi hiyo ya kumtangulia mwizi haihitaji fedha wala cheo.

MASHAURI KWA ANAYESAFIRI

Wako wazazi ambao wakisikia habari kama hii huapa kwamba mtoto wao hatatoka tena peke yake. Wana sababu, lakini dunia ya leo haiwezekani hivyo. Masomo, matibabu na riziki viko njiani. Kwa mabinti, suala la maharimu lina hukumu zake, na kila nyumba imuulize mwanachuoni inayemwamini. Lakini kijana wa kiume asiyefunzwa kusafiri safari fupi, ndefu itamshinda. Basi afundishwe haya.

Kwanza, ajue kabla ya kutoka: nauli ni kiasi gani, atashukia wapi, kutoka hapo atapanda nini, na anayemfikia ni nani. Mtu mwenye jibu hasimami kituoni akitazama huku na huku, na wezi huwatafuta watazamao huku na huku.

Pili, asiweke fedha zote mahali pamoja. Leo fedha nyingi zaweza kukaa katika simu kwa namba ya siri, na kiasi cha nauli na chakula kikakaa mfukoni. Na namba za simu za watu wawili wa nyumbani aziandike katika karatasi pia, kwani simu ikiibwa, na majina yote yameibwa.

Tatu, akijiwa na ndugu asiyemjua, amwulize kwa upole jambo ambalo ndugu wa kweli hawezi kukosa kulijua: "Samahani kaka, shangazi yangu yule wa Mang'ula umemwona lini?" ilhali hana shangazi Mang'ula. Akijibiwa kwamba hajambo, aage na aende zake. Wala asipokee cha kula au cha kunywa kilichokwisha kufunguliwa. Kukataa kwa adabu si kumvunjia mtu heshima.

Nne, akitaka kuuliza njia, amchague yeye mwenyewe mtu wa kumwuliza, asingoje kuchaguliwa. Mwenye duka, mama anayeuza chakula mahali pake pa siku zote, askari, imamu wa msikiti: hawa wana mahali wanapopatikana kesho. Laghai hana kesho.

Tano, ajitahidi afike mchana. Mtume (s.a.w.) alitahadharisha juu ya mtu kusafiri usiku peke yake. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kutembea usiku nchini kwetu, na ndani ya basi lililojaa mtu hayuko peke yake. Lakini akishuka saa nane ya usiku katika mji asioujua, hapo ndipo upweke wake huanza.

Kwa anayeendelea kutoka Morogoro mpaka Dar es Salaam, iko pia reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria baina ya miji hiyo miwili tarehe 14 Juni 2024. Mwendo uliokuwa wa nusu siku barabarani penye foleni umekuwa wa saa mbili hivi. Lakini tiketi yake yataka kitambulisho, na gari la moshi halimngoji mtu kama basi lingojavyo. Basi aliyezoea kukimbilia mlango dakika ya mwisho ajirekebishe. Na ndani ya mji wa Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Mei 2016 huufikisha umma mpaka Kivukoni na Gerezani. Humo mfuko hukaa mbele ya kifua, haukai mgongoni.

Mwisho, arejee haja yake ikiisha. Katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ni kwamba safari humnyima mtu usingizi wake na chakula chake, na kwamba akisha maliza shughuli aharakishe kurudi kwa watu wake. Na akirejea asiende mikono mitupu. Hata mkate wa mjini, ukigawanywa kwa watoto, ni habari njema.

NASI TU MJI WA WATU

Sasa, wenzangu wa Kibaoni, mwaweza kusema kwamba maneno haya yawahusu watu wa Morogoro na Dar es Salaam. La! Ifakara nayo ni mji wa mwingine. Kwa mtu wa Malinyi, wa Mahenge, wa Mlimba, mjini ni hapa. Huku ndiko kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko anakoleta mgonjwa wake. Huku ndiko kwenye stesheni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975. Huku ndiko kwenye soko la mchele wake.

Na kufika kwake hakukuwa kwepesi. Kwa miaka mingi aliyetoka ng'ambo ya mto Kilombero alingoja kivuko, na Januari 2016 kivuko hicho kilizama jioni moja ya upepo na mvua. Tarehe 5 Mei 2018 lilifunguliwa daraja lenye urefu wa mita 384, na sasa mtu huvuka kwa dakika chache, mvua inyeshe isinyeshe. Serikali imejenga daraja la zege. Lakini kutoka mwisho wa daraja mpaka moyoni mwa mji ni kazi yetu. Yule mama anayeshuka na mtoto mwenye homa mgongoni, akisimama kando ya barabara hajui hospitali iko upande gani, yuko Tunis yake. Bodaboda akimtoza nauli maradufu kwa kuwa ameiona homa ya mtoto na ameusikia ugeni katika kusema kwake, huyo ametangulia kumsalimu kabla yetu, kwa salamu ya yule mwizi.

Basi kila mmoja aanze na hatua zake tatu za mlangoni. Vijana wa bodaboda wajiwekee nauli moja ya kwenda hospitali, kwa mwenyeji na kwa mgeni. Msikiti uwe na mtu anayejulikana, wa kuulizwa na mgeni baada ya kila sala. Mama anayeuza uji alfajiri amwulize asiyemjua, "Karibu, mwanangu, watoka wapi?" Na watoto wetu wa madrasa wafundishwe kwamba kumwonyesha mtu njia ni sadaka, na kwamba kumsindikiza mpaka pale anapopaona ni bora zaidi.

Kwani kesho ni zamu ya mtoto wako kusimama ukutani katika kituo cha mbali. Twamwomba Mwenyezi Mungu amjaalie asalimiwe na mwema, na sisi atujaalie tuwe ndio hao wema kwa watoto wa wengine. Amin.